Nyumba Iliyonukia Mvua

Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hapana pa kuchekea. Nyumba ya Godefroid kule Katuba ilianza kunukia mvua mwezi wa saba. Mwezi wa saba! Élisabethville nzima imekauka, vumbi jekundu limekaa mpaka kwenye kope za watu, na tone la mwisho waliliona mwezi wa nne. Lakini yeye alirudi kutoka kazini saa nane mchana, akafungua mlango, na harufu ya ardhi iliyolowa ikampiga usoni.

Mkewe Hortense alikuwa amesimama chumbani, tumbo la miezi saba mbele yake, pua imegusa ukuta.

"Mama Régine, unafanya nini pale?"

"Minasikia harufu," akajibu bila kugeuka. "Iko sawa na mvua ya kwanza. Kuja usikie."

Alipogeuka, midomo yake ilikuwa na udongo. Godefroid akacheka. Wanawake wenye mimba mjini pale wote wanakula udongo, sokoni unauzwa vipande vipande, sasa ajabu iko wapi? Acha ale. Yeye alichotaka ni mtoto tu. Régine, mzaliwa wao wa kwanza, ambaye bado waliitana kwa jina lake, alikufa kabla ya kusimama. Adalbert, wa pili, alimfuata mwaka uliofuata. Ndiyo maana Godefroid alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati juu, ili baridi isipate pa kupenya. "Huyu akikufa, na mimi nimekufa," alimwambia Hortense, na hakuwa anatania.

Haya, sasa tuyaseme ya hayo matofali, maana Godefroid mwenyewe hakutaka kuyasema.

Alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wapiga matofali, chini ya Mzungu mmoja aliyejenga nyumba za barabara mpya za Katuba, mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na moja. Kule tofali zuri linatoka kwenye kichuguu. Vichuguu vya kule vina ukubwa wa nyumba, na udongo wake ni laini, haupasuki tanuruni. Godefroid alikuwa mtu wa kaskazini, nchi ile si yake. Mzee Chomba, mkongwe wao kazini, ndiye aliyezaliwa pale, tangu reli haijafika. Na Chomba alikuwa na desturi yake. Jioni, kabla ya kukata kichuguu, unaweka fungu dogo la unga mweupe miguuni pake na kusema shida yako. Asubuhi ukiukuta unga umesimama, mwenye mahali amekubali. Ukiukuta umetawanyika, beba jembe lako ukatafute kwingine.

Jioni moja Chomba aliweka unga kama kawaida, na asubuhi yake Godefroid alifika wa kwanza. Unga ulikuwa umetawanyika, tena vibaya, kama uliopigwa teke. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mzungu alitaka matofali kabla ya mvua, kichuguu kingine kilikuwa mbali, na yeye ameahidiwa matofali ya masalio ya kujengea nyumba yake. Alifanya nini, kichwa kigumu yule? Akapiga magoti, akaukusanya unga kwa viganja pamoja na vumbi lake, akaurundika upya.

"Mwenye fasi amekubali!" akawapigia wenzake kelele walipotokea. "Mukate!"

Chomba aliinama, akaliangalia lile fungu. Lilikuwa la kijivu.

"Godefroid, huu unga ulilala hivi?"

"Ulilala hivi, Tata Chomba. Mi ni mukristu. Nitakudanganya juu ya unga?"

Siku ya nne walifika tumboni mwa kichuguu, wakamkuta malkia wa mchwa. Alikuwa mnene, mweupe, mrefu kupita kidole cha kati, tumbo likipumua, na wadogo wake wamemzunguka wakimlamba. Godefroid akamtazama, akasema, "Mwenye fasi njo uyu?" Akamkanyaga kwa kisigino, akakizungusha. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Chomba hakucheka. Alichukua shati lake mtini akaenda zake, na kazini hakurudi tena.

Matofali yakachomwa. Udongo mbichi wa kuyaunganishia nao ulitoka palepale. Ndio huo Hortense aliokuwa akiuchimba, kwanza kwa kijiko, baadaye kwa kucha.

Mwezi wa nane akaacha bukari, ule ugali wa kule. Akaacha samaki, akaacha chai. Akawa haamki kitandani, anabandua udongo hapohapo alipolala. Godefroid alikusudia kuyaziba mashimo, lakini kila kesho yake aliukuta ukuta mzima, hauna hata alama ya kijiko. Dirisha likaanza kuziba. Alikwangua udongo asubuhi kabla ya kazi, na saa nane alikuta mwingine, mbichi, umepakwa kwa ustadi ambao fundi yeyote angeuonea wivu. Nani aliupaka? Nyumbani alikuwamo Hortense peke yake, na Hortense hakuweza tena kugeuka ubavu.

Mwezi wa tisa ukafika, siku za kuzaa zikapita. Wanaume wanne walikuja kumbeba kwenda hospitali, wakashindwa hata kumwinua bega. Padri alikuja na maji ya baraka, akanyunyiza, ukuta ukayanywa kwa sauti ya mtu anayemeza, naye akafunga kitabu chake akaondoka bila kuaga.

Ndipo Godefroid akamwona mkewe kwa macho yaliyofunguka, katika giza lile la mchana, kwa mwanga uliopenya kwenye ufa mmoja wa dirisha: mwili umekuwa mweupe unaong'aa, miguu na mikono imesinyaa ikawa myembamba, kichwa kimekuwa kidogo juu ya mto, na tumbo limejaa kitanda kizima, linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, huku ndani ya kuta zote nne kukisikika kitu kama mchanga unaomiminwa taratibu, usiokwisha, ambao ukitega sikio huku unahamia kule, na ukishika pumzi nao unashika pumzi. Alikuwa amekwisha kuliona tumbo la namna ile, na alijua ni wapi.

Akachukua sururu, akaupiga ukuta. Hortense akapiga yowe. Ubavuni mwake pakatokea jeraha, pana kama ncha ya sururu.

Godefroid alikimbia mpaka kwa Chomba, akaanguka mlangoni.

"Tata, nilikudanganya. Unga ulitawanyika. Mi njo niliurundika."

"Nilijua," akasema Chomba. "Mavumbi ilikuwa ndani."

"Niokolee mutoto, Tata. Nakulomba."

Chomba akavaa shati, akamfuata. Jua lilikuwa la utosi walipoingia. Mzee akavua viatu, akaweka paji la uso ukutani, akanong'ona kwa lugha ya kwao. Ule mchanga ukanyamaza. Sauti ikatoka ukutani, nzito, iliyojaa udongo.

"Ulibomoa nyumba yangu, nikanyamaza. Benye kubomoa ni bengi. Lakini ulisema nilikubali. Ulisemea kinywa changu! Tena ukakanyaga mama ya batoto yangu, ukacheka. Batoto banalia njaa. Sasa bibi yako njo mama yao."

"Nichukue mimi!" Godefroid akalia, machozi na kamasi pamoja. "Nipige, niue, nimekosa! Lakini mutoto hana kosa. Uniachie mutoto tu!"

Ule mchanga ukaanza tena kumiminika. Chomba akarudi nyuma hatua moja, akarudi ya pili, mpaka akawa nje.

"Tata, amesema nini? Amekubali?"

Mzee alitikisa kichwa tu, akavibeba viatu vyake mkononi.

Ndipo Hortense alipofumbua macho. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, ile ya upole aliyokuwa nayo siku ya ndoa yao.

"Baba Régine, usilie. Mutoto gani unalilia? Nilizaa."

"Unasema nini, Hortense?"

"Nilizaa tangu juzi. Nilizaa jana. Na sasa hivi ninazaa. Haubasikie?"

Kile kimkono chembamba kikamshika kwa nguvu asizozitarajia, kikaubandika mkono wake ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto kama mtu mwenye homa. Chini ya chokaa, vitu vidogo visivyo na hesabu vilisimama vyote kwa pamoja, kisha vikageuka, vikaja mbio kutoka kila pembe ya nyumba mpaka kwenye kiganja chake, na vikaanza kukilamba.

"Unaona?" Hortense akasema, akitabasamu. "Banajua baba yao."