Cherehani Moja, Ahadi Mbili

Habari hii, wajukuu zangu, alinisimulia mshonaji wa mtaani kwetu, juma lililopita, akinipunguzia gauni. Mtoto nitakayemtaja ni yeye mwenyewe.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, baba alishafariki. Kila akitoka shule aliketi kando ya mama yake kushona vifungo, mama akikanyaga cherehani. Mama alipoanza kuumwa kifua, jirani yao mwalimu alimshauri, "Shoga, andika wosia."

"Acha uchuro wewe! Niandike leo, kesho mnichimbie kaburi?"

Wakacheka. Mwalimu alipoondoka, mama akamwambia binti, "Cherehani hii ni yako, mwanangu." Walikuwa wawili tu chumbani.

Mwezi haukuisha, mama akafariki.

Baada ya mazishi alikuja mama mdogo. "Nimefuata cherehani. Dada aliniahidi."

"Lakini mama aliniachia mimi!"

"Kwa hiyo mimi mwongo? Ulipozaliwa nilimuuguza miezi sita. Alinishika mkono akasema, nikiondoka, cherehani chukua wewe."

"Na mimi aliniambia!"

"Nani alisikia?"

Siku ile mtoto alikuwa peke yake na mama. Mama mdogo naye hakuwa na shahidi. Na wote wawili walisema kweli. Marehemu alikuwa na mkono wazi. Akikushukuru, anakuahidi, kisha anasahau. Sasa wa kuulizwa hayupo.

Cherehani ikawekwa kwa mwalimu, mtoto naye akakaa huko, mpaka wapatane. Miezi mitatu, mtu na mama yake mdogo wakapishana njiani bila salamu. "Bibi," mshonaji aliniambia, "hapo nilifiwa mara ya pili."

Siku moja mama mdogo alikwenda kwa mwalimu, akamkuta mtoto anafuta vumbi kwenye cherehani, machozi yanamtiririka. Akaketi sakafuni kando yake.

"Nagombana na nani mimi? Na damu ya dada yangu?"

Akamvuta kifuani. Wakakubaliana: cherehani ni ya mtoto; mama mdogo ataitumia kushona na kumlea hadi amalize shule. Mwalimu akaandika, wote wakatia sahihi.

"Na wosia wangu uandike leo leo," mama mdogo akasema, "maana kuahidi-ahidi ni ugonjwa wa ukoo wetu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. "Wosia haumwiti mtu kaburini. Usipoandikwa, hata wasio na tamaa hugombana. Mkipenda watu wenu, waandikieni mkiwa hai, mbele ya mashahidi."

Siku hiyo walilala kitanda kimoja. Mama mdogo alitangulia kusinzia. Mtoto akabaki akimlilia mama yake polepole, mpaka usingizi ukamchukua.