Ngozi Kitandani kwa Yutong

Haya yalimpata Peishan, rafiki yangu wa mji wa Keelung, mwaka ule mumewe alipoondoka na binti yao, Yutong. Alinunua nyoka mdogo mwekundu, mwembamba kama kamba ya kiatu, kwa kuwa Yutong alikuwa akiomba nyoka tangu darasa la kwanza. Akamwandalia sanduku la kioo lenye maji, mkeka wa joto na mahali pa kujificha, akalifunga, akalifunika kitambaa ili mgeni atulie. Kisha akapiga simu.

"Njoo umwone, mwanangu."

"Sitaki tena, Mama. Baba kaninunulia paka."

"Haya," alisema Peishan.

Alasiri hiyo kimbunga kilikata umeme. Madirisha alishayaziba kwa mbao, nyumba ikawa giza totoro. Akasikia kitu kikijiburuta taratibu chumbani kwa Yutong, kikichakarisha kama karatasi kavu. Akawasha tochi ya simu, akafunua kitambaa kwanza. Nyoka alikuwamo, kajikunja, na sanduku limefungwa vilevile.

Akaingia chumbani. Sauti ikakoma. Akavuta blanketi. Ngozi ya nyoka ilikuwa imelazwa kitandani, kutoka kwenye mto hadi miguuni. Akaigusa. Ilikuwa bado ina joto.