Sehemu ya Baba Barafuni

Majirani zangu, nisikilizeni kabla chai yenu haijapoa. Leo namsema mwanangu wa kumzaa, na kwa kuwa uchungu wake niliusikia mimi, sikuomba ruhusa ya mtu.

Zamani zile alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha mablanketi. Jioni alirudi na sufu kichwani, watoto wake wawili wakampanda mapajani kumchambua kama nyani wanavyochambuana, mkwe wangu akicheka jikoni. Mtaa mzima ulimwita Manyoya. Hata leo nikinusa blanketi jipya, jioni zile hunirudia zote.

Kisha kiwanda kikafungwa. Manyoya akawa anatoka asubuhi kutafuta vibarua na kurudi na jibu lile lile: "Leo sikupata kitu." Chakula alikikataa, eti hana hamu. Mimi nikamtazama midomo. Aliyeshinda na njaa midomo humkauka; ya mwanangu iling'aa kama bawaba iliyotiwa grisi. Vibarua alipata, ila ujira wake aliumalizia kwa mchoma nyama, peke yake, huku watoto wakinywa uji mwepesi mpaka unaona chini ya bakuli.

Jioni moja waligombania huo uji hadi mama yao akaweka mwiko chini, akalia. Hapo nikakumbuka darasa la nne. Mwalimu alitusomea habari za mabaharia ambao meli yao ilinaswa na barafu kule mwisho wa dunia, ikavunjwavunjwa kama biskuti. Sisi barafu tuliijua ya kwenye kreti la soda tu, lakini tulitetemeka madawatini na jua linawaka nje. Nikawasimulia.

"Waliponaje, bibi?" mjukuu wangu wa kike akauliza.

"Kwa kugawana. Mmoja aligeuka asione. Mpishi akagusa sehemu, akauliza, 'Ya nani?' Aliyegeuka akataja jina. Sasa nani alalamike? Na aliyekwenda kuwinda sili, yule mnyama mnene wa bahari ya baridi, naye alitajwa, hata akichelewa. Wasingemtaja, ingekuwa wameshamzika."

Pengine nilitia chumvi. Mwalimu atanisamehe.

Basi mjukuu akageukia ukuta. Mama yake akagusa bakuli la kwanza.

"Ya nani?"

"Ya bibi."

"Ya nani?"

"Ya kaka."

"Na hii?"

"Ya baba."

"Baba yako ameshashiba huko aliko," mkwe akasema polepole.

"Amekwenda kuwinda sili, mama. Tumwekee."

Manyoya alikuwa amesimama mlangoni. Hatukumsikia akifika, tulisikia harufu ya nyama.

"Baba, umempata sili?"

Akalitazama bakuli lake. Ndilo lililojaa kuliko yote.

"Nimempata, mwanangu," akasema. "Siku zote hizi nampata. Namla peke yangu."

Mkwe akamsogezea kigoda. "Basi kesho mlete hapa, baba watoto. Na sisi tumjue sura."

Kesho yake alileta nyama kwenye karatasi, kipande kama kiganja cha mtoto, na yeye mwenyewe akageukia ukuta. Kazi ya maana ilichelewa sana kurudi. Tulikula kidogo, lakini pamoja, na kucheka tukacheka. Wajukuu sasa wana nyumba zao, wakija kunisalimu bado tunaulizana, "Ya nani?" Zamu yangu ikifika, nageukia ukuta wenye kioo. Msiwaambie.

Funzo la hadithi hii

Ndugu zangu, riziki ikipungua, leteni nyumbani hicho hicho kidogo mkigawe mbele ya wote. Anayeshiba njiani huku watoto wake wana njaa ameshaihama nyumba, hata kama bado anakuja kulala. Nanyi mliobaki nyumbani, msichoke kumtaja aliyepotea, na sehemu yake mwekeeni. Wanangu, sijawahi kuiona hiyo barafu kubwa, lakini mwanangu nilimwona akirudi kutoka huko, na kilichomvuta kilikuwa bakuli la uji mwepesi lililotajwa jina lake.