Kitufe Kilichofuta Kabla ya Kubonyezwa

Orodha ya vitabu mia tatu na kumi na viwili vya maktaba ya shule ilifutika, na hakuna aliyekuwa amegusa kitufe cha kufuta. Nakala ya akiba haikuwepo.

Programu hiyo ilitengenezwa na msichana wa darasa la saba aliyebandikwa jina la Chapuchapu, maana hata chai aliinywa amesimama. Kila akitoka shule alipitia chumba cha kazi cha shangazi yake, fundi wa programu, aliyemfundisha Lisp, lugha ya kompyuta yenye mabano mengi. Orodha ya vitabu ilifanya kazi vizuri, ila ilitaka mtu aandike amri.

"Watoto wa darasa la pili hawawezi hayo," mkutubi mzee alimwambia. "Wape kitu cha kubonyeza."

Basi shangazi akamsaidia kusakinisha kifurushi cha kutengenezea madirisha na vitufe. Ilikuwa kazi ya mchana kutwa, kwani kifurushi kilikataa kuingia mpaka kingine kitangulie. Mwishowe dirisha tupu la kijivu likatokea kwenye skrini.

"Tumemaliza," alisema Chapuchapu.

"Tumemaliza nini? Hilo ni dirisha, nyumba bado. Kifurushi kina masomo matano ya kukitumia. Yafanye yote, kwa mpangilio."

Somo la kwanza alilifanya. La pili lilimchosha. Akaruka hadi la tano, lenye vitufe vya kupendeza, akanakili na kubadilisha majina. Kwa mbwembwe akaongeza kitufe cha "Futa Yote".

Siku ya Ijumaa shangazi aliuliza, "Masomo umeyamaliza?"

"Yote, Shangazi."

"Hata la tatu?"

"Hata hilo."

Jumatatu mkutubi alivaa miwani, akafungua dirisha, akatafuta kitabu. Hakuna. Akatafuta kingine. Hakuna.

"Binti, hicho hakiwezi kukosekana. Nimekikalia." Kweli, alikuwa amekiweka juu ya kiti chake kifupi.

Chapuchapu alichungulia skrini. "Labda umebonyeza Futa Yote, Mwalimu."

Mzee aliutazama mkono wake kama si wake. "Labda. Macho yamechoka haya. Nitamweleza mwalimu mkuu kwamba ni mimi."

Chapuchapu alikwenda kwa shangazi bila kukimbia, jambo ambalo si kawaida yake. Shangazi alisoma programu, kidole kikifuata mabano, kisha kikasimama.

"Hapa. Amri ukiiandika hivi, Lisp inaitekeleza papo hapo. Kitufe hupewa maagizo, kiyashike mpaka kibonyezwe. Wewe hukukipa maagizo. Umefuta mwenyewe ulipokuwa unakitengeneza. Hili liko somo la ngapi?"

Chapuchapu aliyatazama mabano.

"La ngapi?"

"Sijui, Shangazi. Sikulisoma." Machozi yakamlengalenga. "Na nimemsingizia mkutubi."

"Mimi nami nilipaswa kukuuliza nakala iko wapi, hilo ni langu. Kukosea amri si dhambi, nimekosea elfu. Lakini uliponiambia 'yote', ulinizuia kukusaidia. Na mzee wa watu sasa anayalaumu macho yake. Uongo ni hivyo: unaanza kwako, halafu unahamia kwa asiye na hatia. Nenda kamweleze."

Alikwenda. Mkutubi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Kumbe bado naona," akasema. "Jumamosi njoo na kitambaa cha vumbi."

Gharama ilikuwa hii. Jumamosi tatu. Vitabu mia tatu na kumi na viwili, kimoja kimoja kutoka rafuni, mkutubi akisoma majina na Chapuchapu akiandika. Cha mwisho kilitoka juu ya kiti. Na somo la tatu, lililoeleza kosa hilo, alilolifanya mwenyewe kabla ya Jumamosi ya kwanza: dakika arobaini.