Nguzo Nne za Mwisho

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, Sindano alipanga vifaa vya shangazi yake kwenye mkokoteni: makoleo mawili, nyundo, msumeno wa chuma, glavu za ngozi na bunda la waya mwembamba wa kufungia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita. Jina la Sindano alipewa na wenzake kwa sababu ya wembamba wake, naye hakulichukia. Aliwajibu kwamba bila sindano wote wangekuja shule wamejifunga mashuka.

Shangazi yake alikuwa fundi wa uzio. Sindano aliishi naye pamoja na bibi, na tangu akiwa mdogo alijua kutofautisha waya mzuri na ule unaokatika ukiukunja mara mbili. Mwaka huo shangazi alipata kazi ya kuzungushia uzio shimo lililokuwa nyuma ya shule. Zamani watu walichimba hapo udongo wa matofali. Mvua zikalijaza maji, na hakuna aliyejua kina chake. Wazazi walikubaliana kwamba lisibaki wazi tena.

Nguzo za chuma zilikwisha kusimamishwa na saruji imekauka. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kufunga wavu wa waya kwenye nguzo na kutundika vibao vya tahadhari. Wanafunzi wa madarasa ya juu walijitolea kusaidia, wawili wawili, kila jozi nguzo nane, na wote walitakiwa kukaa upande wa nje tu.

Sindano alichagua kufanya kazi na Chiriku. Hakuna aliyeshangaa. Wawili hao walikuwa kama chanda na pete tangu darasa la kwanza, waliketi dawati moja, na mmoja akiugua mwingine alimwandikia masomo yote. Chiriku aliitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Hata kwenye mtihani midomo yake ilichezacheza.

Kabla hawajaanza, shangazi aliwakusanya wote kwenye nguzo ya kwanza akawaonyesha.

"Waya unauzungusha kwenye nguzo mara mbili, halafu unaupitisha kwenye tundu la wavu," alisema. "Kisha unakamata ncha zote mbili kwa koleo na kuzisokota mpaka fundo liache kucheza. Usisokote kupita hapo, utakatika. Ncha zilale kwa ndani, zisije zikamchana mtu. Kila nguzo mafundo matatu: juu, katikati na chini. La chini ndilo watu hulisahau, kwa sababu linataka uiname."

Vibao navyo vilikuwa na matundu manne kila kimoja. Waya ulitakiwa kupita kwenye matundu yote, ukizunguka nyuma ya nguzo, ili upepo usikigeuze kibao kikatazama upande usio na mtu.

Sindano na Chiriku walifunga nguzo nne za kwanza bila haraka. Saa sita ilipofika, Sindano alilazimika kuondoka ampeleke bibi zahanati kwa ajili ya macho. Alisita, kwa sababu zilibaki nguzo nne, zile zilizopakana na uwanja wa watoto wadogo. Chiriku alimsukuma kwa utani.

"Nenda zako, nitamalizia. Kwani hunijui?"

Sindano alimjua, au alidhani anamjua. Akamwachia koleo lake.

Aliporudi alasiri, manyunyu yalikuwa yameanza. Chiriku alikutana naye langoni akitoka, nywele zimelowa. Alimweleza kwamba amemaliza zote, amekaza mpaka vidole vimekufa ganzi, kisha akakimbia kwao. Kutoka langoni Sindano aliuona wavu umesimama na kibao kipo mahali pake. Shangazi alikuwa akipakia vitu haraka, maana mashine ya kuchomelea waliyoazima ilitakiwa kurudishwa kabla mwenyewe hajafunga karakana.

"Zile nne za mwisho zimekwisha?" shangazi aliuliza.

"Zimekwisha."

"Umezikagua?"

Ilikuwa mwendo wa hatua hamsini tu kufika pale. Lakini udongo ulikuwa umeanza kunata, naye alikuwa amechoka, na aliyezifunga ni Chiriku.

"Nimezikagua kwa mkono wangu," alisema Sindano.

Shangazi aliitikia kwa kichwa, ameridhika, wakausukuma mkokoteni.

Siku ya Alhamisi, wakati wa mapumziko, watoto wa darasa la pili walikuwa wakicheza mpira uwanjani. Mpira ukabiringika hadi kwenye uzio, ukanasa chini ya wavu. Binti wa mpishi wa shule alikwenda kuuchukua. Hakukuwa na kibao mbele yake. Kilikuwa kimeng'oka usiku wa Jumanne na kulala kifudifudi kwenye majani. Mtoto aliegemea wavu ili aufikie mpira, na wavu ukafunguka toka chini kama pazia. Akateleza nao hadi majini.

Mlinzi wa shule alisikia kelele akaruka na viatu vyake. Maji yalimfika kifuani. Alimtoa mtoto akiwa hai, anakohoa, mkono wake wa kulia umevunjika. Mama yake alifika mbio kutoka jikoni mwiko ungali mkononi, akawa haoni pa kuuweka.

Mchana huo mwalimu mkuu aliwaita ofisini Sindano na Chiriku, akamwita na shangazi. Mpishi alikuwa amekwenda hospitali na mwanawe. Mwalimu mkuu hakupandisha sauti. Alitaka kujua jambo moja tu: nguzo nne za upande wa uwanja zilifungwa na nani.

Sindano alimgeukia Chiriku, akimsubiri aseme. Chiriku alikuwa ametazama ukingo wa meza.

"Ni Sindano, mwalimu," alisema. "Mimi nilifunga zile za mwanzo."

Sindano alimgeukia mwalimu mkuu. Alifungua kinywa, na hapo hapo akayakumbuka maneno yake mwenyewe. Angesemaje kwamba hakuzifunga, hali alimwambia shangazi amezikagua kwa mkono wake? Alimtazama shangazi, na shangazi alikuwa akimtazama yeye. Akafumba kinywa. Mwalimu mkuu alingoja, kisha akauchukua ukimya ule kuwa jibu. Alimwambia shangazi kwamba wazazi watatafuta fundi mwingine wa kumalizia kazi, lakini mahali palipofunguka lazima parekebishwe na yeye kwanza. Shangazi hakubisha. Alisema ameelewa.

Nyumbani hakumkaripia. Alinyoosha mkono tu, akalipokea koleo, akalitundika kwenye msumari wake. Sindano angependa agombezwe.

Kesho yake mambo yalizidi. Alipoingia darasani alikuta Chiriku amehamisha vitabu vyake, ameketi dawati la mbele na wasichana wengine. Walikuwa wakimsikiliza. Chiriku alikuwa akiwasimulia jinsi alivyomwonya Sindano akaze zaidi, na jinsi Sindano alivyompuuza kwa sababu eti yeye ni mtoto wa fundi. Alitia na chumvi kidogo, akiigiza sauti. Mmoja alicheka, kisha akamwona Sindano mlangoni akanyamaza. Siku nzima Sindano aliketi peke yake kwenye dawati la watu wawili. Hakulia. Mtu aliyemfahamu kuliko wote ndiye aliyemgeuka, na alifanya hivyo kwa urahisi, kama mtu anayevua kandambili.

Wakati wa kutoka alimfuata Chiriku kwenye bomba la maji, akamwuliza kwa nini amemfanyia vile. Chiriku aliendelea kunawa.

"Wewe shangazi yako ndiye fundi, watakusamehe," alisema bila kuinua uso. "Mimi kwetu nisingepona. Na tena wewe mwenyewe ulisema umekagua. Ukisema leo, utaonekana mwongo."

Alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Jumamosi shangazi alikwenda peke yake kurekebisha uzio. Sindano alibaki na bibi hadi saa nne, kisha akapiga moyo konde akamfuata. Alimkuta amepiga magoti kwenye nguzo ya mwisho, akikata waya wa zamani. Akamweleza yote akiwa amesimama, bila kujipamba: kwamba nguzo zile hakuzifunga yeye, na kwamba hakuzikagua, alidanganya kwa uvivu wa hatua hamsini.

Shangazi alimwonyesha vipande alivyovikata. Kila nguzo ilikuwa na fundo moja tu, la juu, limesokotwa kwa vidole. Kibao kilifungwa tundu moja kati ya manne.

"Nilijua tangu Alhamisi kwamba huu si mkono wako," alisema. "Ningeweza kusema pale ofisini. Ila niliona unajua jambo na umelinyamazia, nikataka ulitoe mwenyewe. Jumatatu utayasema haya mbele ya mwalimu mkuu na mama wa yule mtoto. Utaanza na la kwako, ndipo useme la mwenzako."

Jumatatu mpishi alikuwepo. Aliketi karibu na dirisha, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sindano alisema kama alivyoagizwa. Alianza na uongo wake, ndipo akazitaja nguzo alizomwachia Chiriku. Mwalimu mkuu alimgeukia Chiriku, naye Chiriku akakana. Alikana mara mbili, mara ya pili kwa maneno mengi zaidi ya ile ya kwanza.

Kisha mpishi akasema, na hakuwa na hasira. "Mwanangu, mimi sijaja kutafuta wa kuchapwa. Mtoto wangu ananiuliza kwa nini waya ulifunguka, anadhani yeye ndiye aliyeuharibu. Usiku anashtuka, anasema, mama, sikuuvuta. Nataka nirudi nyumbani nikamwambie nini?"

Chiriku alifungua kinywa kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Halafu akaanza kulia, akaeleza. Mvua ilikuwa imeanza, vidole vilimwuma, alitaka kuwahi nyumbani ambako binamu zake walikuwa wamefika. Alidhani fundo la juu lingetosha. Baada ya ajali aliogopa, akasema jina la kwanza lililomjia, na alipokwisha kulisema ikawa kila siku anaongeza uongo mwingine ili ule wa kwanza usimame.

Mpishi alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema atamwambia mwanawe kwamba si yeye, kisha akainuka akarudi jikoni, maana kulikuwa na watoto mia nne wa kulishwa.

Mwalimu mkuu alimwomba radhi shangazi na kumtaka aendelee na kazi. Shangazi alikubali, lakini alisema hata yeye hakuwa safi. Fundi ndiye anayepaswa kupita kwenye kila nguzo kabla ya kuondoka, na siku ile aliitanguliza mashine ya watu. Wasichana walipewa adhabu ya pamoja: wapitie nguzo zote za uzio chini ya usimamizi wa shangazi, na kila jioni, hadi mkono wa binti wa mpishi upone, wakamwandikie masomo yake kwa zamu. Chiriku aliongezewa moja, kusimama mbele ya darasa na kuyafuta maneno aliyoyaeneza. Aliyafuta kwa sentensi tatu fupi, na wote wakashangaa kumbe anaweza.

Jumamosi iliyofuata walikuwa watatu kwenye uzio. Walikwenda nguzo kwa nguzo, wakivuta kila fundo na kutikisa kila kibao. Chiriku hakuzungumza. Karibu na mwisho alimwomba Sindano msamaha, kwa sauti ndogo. Sindano alijibu kwamba amesikia. Hakusema amemsamehe, kwa sababu bado haikuwa kweli, na uongo alikwisha kuuonja.

Shangazi aliwasikia. Alivua glavu, akakaa juu ya mkokoteni na kuwaita karibu.

"Sindano, wewe unaona umesalitiwa, na ni kweli," alisema. "Lakini siku ile ya manyunyu mimi nami nilikuamini wewe. Chiriku alikuachia fundo bovu, nawe ukaniletea mimi neno bovu, na yule mtoto aliegemea vyote viwili. Anayetuegemea mara nyingi hatumjui hata jina. Hakagui, hana koleo, anaamini tu kwamba tulifanya kazi yetu na kwamba tulichosema ni kweli. Kwa hiyo fanyeni kazi hata pale pa kuinama, na mkiwa hamjaifanya, semeni hamjaifanya. Aibu yake ni ya siku moja."

Kisha akamwangalia Chiriku. "Na wewe, kuaminiwa hakurudishwi kwa kuomba samahani mara moja. Utapata kidogo kidogo, kwa matendo. Vumilia."

Walipakia vifaa, wakaanza safari ya kurudi. Shangazi alisukuma mkokoteni, Sindano akawa kando yake. Chiriku aliwafuata nyuma, hatua kama kumi, akibeba nyundo. Hapo zamani wangekuwa wameshikana mikono. Sindano alitembea kitambo akisikiliza nyayo zile nyuma yake. Walipofika kwenye kona ya barabara alipunguza mwendo. Hakupunguza sana, ila ilitosha kwa mtu anayetaka kufika.