Nukta Moja Chini ya Herufi

Ndugu zangu wa Dumyat, nanyi wa mbali mnaoota kuona majina yenu juu ya jalada, nipeni masikio kidogo. Ninayoyasimulia yametokea nyumba ya pili kutoka kwangu, na wahusika wengine bado nawasalimia kila asubuhi.

Ijumaa ile nyumba ya Bi Sittuhum ilikuwa imetulia. Watu walikuwa wamesharudi kutoka msikitini, bata aliyejazwa vitunguu yuko katikati ya meza, na kikongwe mwenyewe, miaka themanini na sita, anamgawia kila mtu kwa mkono wake. Kulia kwake alikaa mwanawe Rushdi, karani mstaafu wa ofisi ya hati za ardhi. Kushoto alikaa binti yake Inshirah, ambaye alisahihisha habari za gazeti kwa miaka ishirini na tano mpaka gazeti lenyewe lilipofungwa.

"Nimemaliza," Rushdi akasema. "Kitabu cha baba kimekwisha."

Bi Sittuhum aliweka kijiko chini, machozi yakamlengalenga. Mumewe, fundi Mitwalli, alikuwa mchonga viti ambaye mkono wake ulijulikana soko zima. Lakini alikufa na doa. Jirani yake, fundi Gharib, alimtangaza kuwa mwizi, kwamba ua la waridi alilochonga kwenye migongo ya viti alilinakili kwake. Miaka thelathini maneno hayo yalizunguka sokoni. Rushdi alikusanya michoro ya zamani yenye tarehe na barua za wanunuzi, akathibitisha kwamba waridi lile lilichongwa miaka miwili kabla Gharib hajafungua karakana. Wachapishaji wa mji mkuu hawakumjibu, akaamua kukitoa mwenyewe. Mama yake alitaka jambo moja tu: kitabu kisomwe sebuleni kwake, mbele ya mafundi wa soko, angali hai.

"Hongera, kaka," Inshirah akasema. "Nipe nikipitie. Siku nne tu, nikutolee makosa."

Rushdi akaacha kutafuna. "Makosa gani?"

"Nitajuaje, na sijakisoma?"

"Kama hujakisoma, umejuaje kwamba yamo?"

"Kila kitabu yamo, mwana wa mama yangu. Hata vya maprofesa."

"Au unataka na jina lako likae juu ya jalada?"

"Rushdi!" mama akamkemea. "Dada yako huyo!" Inshirah alimega mkate, akasema bata amekolea viungo. Hakuomba tena.

Tusimwonee mtu. Rushdi alifanya kazi miaka thelathini na moja mahali ambapo ndugu huleta karatasi yenye alama ya kidole cha maiti na kuapa kwamba marehemu aliwapa shamba. Kazi kama hiyo humfundisha mtu kunusa kila karatasi. Tatizo ni kwamba alipostaafu, pua yake haikustaafu naye.

Nyumbani aliifunga kompyuta kwa neno la siri. Mkewe Bahiga akiingia na chai, yeye hufunika kioo kwa taulo.

"Baba Hani," Bahiga akamwambia siku moja, "mimi miwani yangu mwenyewe siioni ilipo. Nitaiba kitabu?"

"Wewe huibi. Lakini una kaka."

"Kaka yangu anauza jibini!"

"Kwani wauza jibini hawajui kusoma?"

Akazidi hapo. Aliogopa mwizi akiipata kazi yake atajua inamhusu nani, kwa hiyo hakuandika popote kwamba habari ni za baba yake. Kila mahali alimwita "Shahidi wa Saba", kama kwenye majalada ya ofisini. Siku ya mwisho akaiamuru kompyuta: kila penye Shahidi wa Saba, weka "marhumu baba yangu". Aliandika maneno hayo mara moja tu, upesi, jicho likiwa mlangoni kwa sababu alisikia ndara za Bahiga zikija. Akabonyeza, mashine ikatii mahali mia mbili na kumi na moja. Je, alikisoma tena? Hakukisoma. Alishakisoma mara ishirini, akaona inatosha.

Kwa mchapaji, Bwana Labib, alifika na bahasha ameikumbatia kifuani.

"Nina msahihishaji hapa, mama mmoja hodari," Labib akasema. "Kwa mtu anayetoa kitabu cha kwanza—"

"Hakuna atakayesoma." Rushdi akatoa karatasi aliyoiandaa nyumbani, ya kila mfanyakazi kutia sahihi kwamba hatasoma neno lolote ndani ya kitabu.

Labib akacheka mpaka akavua miwani. "Ustadh, tusiposoma tutajuaje kama ukurasa umegeuka juu chini?"

"Tazameni nambari."

Wakatia sahihi, maana mteja ni mteja. Siku ya nne simu ikalia.

"Ustadh Rushdi, samahani. Binti anayekunja karatasi ameona neno fulani, nadhani kuna kosa la—"

"Amesoma!"

"Ameliona tu, Ustadh, liko mstari wa kwanza—"

"Alitia sahihi asisome! Nani kamtuma? Gharib? Neno moja zaidi nakwenda polisi na karatasi yenu!"

Akakata simu. Kichwani mwake mambo yalishapangika: wanatafuta kisingizio cha kuchelewesha, kumbe nakala inapelekwa kwa adui. Kesho yake alikwenda kuvichukua mwenyewe, akakaa nyuma ya gari la mizigo juu ya maboksi. Akayafungia kabatini vilevile, bila kukata gundi, ili mtu akigusa ajulikane. Kitabu chake mwenyewe, mtoto wa jasho lake, hakukifungua hata ukurasa mmoja.

Siku ikafika, Ijumaa baada ya alasiri. Sebule ya Bi Sittuhum ilijaa mafundi wenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Sinia za vitafunio vya mushabbak zilipita mkono kwa mkono, asali ikawachuruzikia vidoleni. Fundi Gharib pia alikuja na fimbo yake. Bi Sittuhum ndiye aliyemwita. "Huyo ndiye wa kwanza kusikia," alisema.

Rushdi akakata maboksi mbele ya watu, akagawa nakala bure. Alikohoa tayari kusoma, lakini mama akainua mkono.

"Asome Inshirah. Sauti yake ndiyo ya baba yenu."

Hakupenda, lakini angefanyaje? Inshirah akafungua, na macho yake yakasimama. Rushdi aliyaona yakisimama. Akawaza: wivu huo. Kisha dada akaanza kusoma, sauti laini kabisa: "Marhumu baba yangu alizaliwa katika mtaa wa wachonga mbao..." Akasoma mstari wa pili na wa tatu. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, ingawa dirisha lilikuwa wazi.

Gharib alikuwa akimfuata kwa kidole kwenye nakala yake. "Binti Mitwalli, ngoja. Soma kilichoandikwa."

"Nasoma, ami."

"Hapana. Unasoma unachotaka wewe. Hapa pana nukta." Akakiinua kitabu watu wote waone. "Marjumu baba yangu."

Mliokaa chuoni mkashika juzuu mnaelewa. Katika hati yetu ya Kiarabu, jimu na ha ni mapacha, kinachowatenga ni nukta moja tumboni. Marhumu ni marehemu, aliyerehemewa. Itie ile nukta, ha igeuke jimu, upate marjumu: aliyepigwa mawe, aliyelaaniwa, shina lile lile la rajimu, sifa tunayomtajia Ibilisi tukijikinga naye.

Mafundi wakaanza kufunua kurasa. Ukurasa wa tano, marjumu. Wa tisa, marjumu. Wa arobaini, marjumu mara tatu. Mmoja akachekea ndevuni.

"Amesemaje?" Bi Sittuhum akauliza. Yeye hakujua kusoma. Akamgeukia mwanawe. "Rushdi, nani kampiga mawe baba yako?"

Gharib akaegemea fimbo. "Bibi, mimi kwa miaka thelathini nilimwita mwizi tu. Mwanawe amemwita Ibilisi."

Rushdi akaruka. "Nimefanyiwa! Nukta hii imetiwa! Inshirah, ni wewe, ulinuna tangu nilipokunyima! Au Labib! Au yule binti wa karatasi! Bahiga, kaka yako alikuja nyumbani Jumanne, alitaka nini?"

"Alileta jibini," Bahiga akasema. Akatoka, akavuka njia hadi nyumbani kwake na Rushdi, akarudi na kompyuta. Akaiweka juu ya meza katikati ya sinia. "Ifungue, Baba Hani. Sote tumwone aliyeitia."

Rushdi akaandika neno la siri, na hata wakati ule, mbele ya mama yake, alikinga vidole kwa kiganja. Kazi ikafunguka. Mstari wa kwanza: marjumu.

"Neno la kufungulia analijua nani?" mama akauliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Mimi tu, mama."

"Basi tumeshampata."

Rushdi akatazama kibodi. Ha na jimu zimekaa ubavu kwa ubavu, umbali wa ncha ya kidole. Akazikumbuka ndara za Bahiga zilivyokuwa zikija, na jicho lake lilivyokuwa mlangoni. Aibu ikampanda mpaka masikio yakawaka. Gharib akasimama, akaomba nakala mbili zaidi za wajukuu wake. Zilikuwa zawadi, nani angemnyima? Kufika magharibi soko lote lilikuwa limesoma mstari wa kwanza.

Asubuhi iliyofuata Inshirah aligonga mlango, mkononi ana pakiti ya nyembe. "Sogea," akasema, akakaa mezani, akaanza kukwangua nukta kwenye nakala zilizobaki, moja moja, polepole, karatasi isitoboke. Rushdi akakaa naye. Walikwangua siku nyingi.

"Kwa nini ulisoma marhumu?" akamuuliza siku ya pili.

"Kwa sababu ndilo ulilokusudia. Kazi ya msahihishaji ni hiyo." Akafunua mbele. "Sura hii ya nne, ya tarehe za michoro, ni nzuri sana, Rushdi. Hii ingemsafisha baba."

Rushdi akalia, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, kichwa juu ya meza. Alijua kwamba sura ya nne hakuna mtu sokoni aliyeifikia. Nani angeifikia, wakati mstari wa kwanza umewashibisha kicheko? Wakawaalika mafundi upya. Huyu ana harusi, yule mgongo unamuuma, wa tatu hakujibu kabisa. Bi Sittuhum alikuwa akiuliza kila Ijumaa, "Wanakuja leo?" Katika mwezi wa Shaabani akafariki, na hawakuwa wamekuja.

Siku ya matanga, Rushdi alisimama mlangoni mwa hema kupokea wageni. Akafika mzee mmoja kutoka Ras al-Barr, mnunuzi wa viti, mtu wa heshima asiyejua lolote la kitabu. Huko sokoni alikuwa ameuliza njia, na wakamwelekeza kwa jina wanalolitumia siku hizi. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa upole, "Samahani, mwanangu. Hapa ndipo kwenye msiba wa mjane wa Marjumu?"

Rushdi akamshika mkono, akamwonyesha kiti.

"Ndiyo, ami. Ndipo hapa. Karibu."

FUNZO

Enyi mnaotoa kitabu cha kwanza kwa mikono yenu, nisikilizeni, maana sisemi kwa kufurahisha watu. Mnaogopa wezi. Mimi nimeishi na waandishi wengi, na mwizi wa kitabu cha mtu asiyejulikana sijamwona. Niliowaona ni watu wanaobembelezwa wasome na hawana nafasi. Kwa hiyo akitokea mtu mmoja tu akakuambia "nipe nikipitie", usimuulize anataka nini. Mpe, na umshukuru, hata akikuudhi. Mwandishi husoma alichokusudia, hasomi alichoandika. Jicho lake halitoshi, hata lisome mara ishirini.

Na shaka ina mahali pake: iweke kwenye kurasa zako kwanza, kabla hujaiweka kwa dada yako, mkeo, mchapaji wako na binti anayekunja karatasi. Rushdi alimfungia kila mtu nje, akabaki ndani peke yake na kosa lake. Watu watatu walikuwa tayari kumwokoa, na mmoja alimpigia simu. Kitabu kilichokwanguliwa kipo, ninacho rafuni kwangu, na ni kitabu kizuri. Lakini mwanamke aliyeandikiwa hakukisikia.