Ukingoni mwa Picha ya Awino

Kwenye televisheni, Awino alisimama nyuma ya keki, mama yake akiwa kulia kwake, na kushoto kwake hakukuwa na mtu. Kwenye kompyuta, kushoto kwake kulikuwa na mkono.

Ulionekana kidogo tu, ukingoni kabisa mwa picha: pindo la nguo ya rangi ya vumbi, halafu vidole. Nashon Obura aliuona saa nane mchana, jua la Kitengela likichoma mabati ya duka lake la picha na video, na akafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Alilaumu mashine.

Na kusema kweli, mashine ilistahili lawama. Huo ulikuwa mwaka wa 2003, wateja wameanza kukataa kanda na kudai CD. Nashon alikuwa amenunua Nairobi kadi iliyotumika ya kuingizia video kwenye kompyuta, akaichomeka ndani ya Pentium yake kuukuu, akaiunganisha na deki ya video, akakaa kitako kungoja maajabu. Siku ya kwanza picha zilikuja bila rangi, zikipanda juu bila kusimama, mpaka alipogundua kwamba kadi ilikuwa imewekewa mtindo wa Marekani. Siku ya pili sauti ilikuja, picha ikakataa. Siku ya tatu kompyuta iliganda kila muziki ulipoanza. Nzioka, fundi wa kompyuta wa duka la pili kutoka lake, alikuja na bisibisi, akaing'oa kadi, akayasugua meno ya shaba ya kadi hiyo kwa kifutio cha penseli, kisha akaihamishia nafasi nyingine mbali na kadi ya sauti. Hapo ikakubali.

Ndipo Nashon alipoleta kanda ya Awino. Wateja walikuwa kisingizio tu. Hangaiko lote lile lilikuwa kwa ajili ya kanda hiyo moja.

Awino alikuwa mtoto wao wa pekee. Malaria ilimchukua Juni 2001, miezi mitatu baada ya kutimiza miaka minne. Alizikwa kwao Nashon, Siaya, akiwa na soksi nyeupe miguuni, wakati mama yake, Nelima, amelazwa na malaria hiyo hiyo, kwa hiyo Nelima hakupata hata kumlilia mwanawe kaburini. Na baba mtu, aliyekuwa amepiga video harusi za watu mpaka Illasit, mpakani mwa Tanzania, alikuwa mkono wa birika hata nyumbani kwake. Mwanawe alimpiga video mara moja tu, siku ile ya bethidei. Kila Jumapili baada ya kanisa Nelima aliitazama kanda hiyo, miaka miwili sasa, na ilikuwa imechoka. Mistari myeupe ilipita usoni pa mtoto, na sauti yake ilianza kutetemeka kama ya mzee.

"Baba Awino," Nelima alikuwa amemwambia, "hii kanda ikikatika, mimi nitabaki na nini?"

Ndipo Nashon alipokwenda kuitafuta ile kadi.

Nzioka alipoitwa kuuona mkono, alicheka.

"Hiyo si makosa ya kadi, boss. TV haionyeshangi picha yote. Inakata kingo kidogo pande zote. Kompyuta haikati, inakupea vile kamera iliona. Huyo mtu alikuwa hapo siku hiyo, ni TV ilikuwa inamficha."

"Hapo ni ukuta, Nzioka. Hiyo meza tulisukuma mpaka kwa ukuta. Mtu atasimama wapi?"

Nzioka akainama kutazama. Vile vidole vyote vilikuwa na urefu mmoja, kuanzia gumba hadi cha mwisho. Aliacha kucheka, akasema kuna mteja anamngoja, akaondoka akiwa amesahau bisibisi yake mezani.

Nashon alirudisha kanda nyuma, akaicheza tena. Safari hii mkono ulikuwa umefika kwenye ukingo wa sahani ya keki. Alizima kila kitu, akabadilisha waya, akasafisha kichwa cha deki kwa spiriti, akawasha upya na kucheza mara ya tatu, na mkono, ambao hakuna waya wala kichwa cha deki kingeweza kuusogeza, ulikuwa umelala begani kwa Awino, na Awino, aliyekuwa akicheka kwenye kanda hiyo kila Jumapili kwa miaka miwili, alikuwa ameacha kucheka na kugeuza uso upande wa kushoto, akitazama juu, kama mtoto anayesikiliza mtu mzima akimwambia jambo kwa sauti ya chini. Dukani kukajaa harufu ya udi uliomwagiwa maji.

"Ni nini kinaungua?" Nelima aliuliza mlangoni. Alikuwa ameleta chakula cha mchana ndani ya kikapu.

Nashon aliruka kuficha kioo cha kompyuta, akachelewa. Nelima aliweka kikapu chini polepole.

"Nani huyo?" akanong'ona. "Baba Awino, nani huyo ameshika mtoto wangu?"

"Ni kadi. Kadi imeharibika."

"Usinidanganye. Awino hakuwa anaangalia huko. Mimi najua hiyo kanda yote, hata pahali anakohoa."

Nashon aliitoa kanda kwenye deki. Ilikuwa ya moto, kupita moto wa deki. Karatasi yenye jina la bethidei ilikuwa imejikunja kwa joto, na chini yake palikuwa na nyingine aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe: Kajiado, Mama Sahal. Akakaa kitako.

Alikumbuka. Mwaka wa 2000, Salad, mfanyabiashara wa mbuzi wa Kajiado mjini, alimwita apige video mkewe Hodo, yaani Mama Sahal, akisomewa Kurani katika moshi wa udi. Hodo alikuwa na jini, na ndugu zake Garissa walitaka waone kwa macho yao kwamba limetoka. Kazi ilipokwisha, sheikh aliumwagia udi maji, akageuka akaona kamera, akakasirika, akaamuru kanda ichomwe siku hiyo hiyo. Nashon alisema sawa, ataichoma. Lakini wapiga video wa wakati huo mnawajua. Mpiga video hachomi kanda nzima. Heri alale njaa. Akarekodi juu yake mambo mengine, na mambo hayo yakawa ni keki, mishumaa minne na mwanawe.

Kesho yake alifika Kajiado kabla ya saa nne. Salad alikuwa mnadani; Hodo alikuwa dukani kwake akikunja vitambaa, na binti yake Hamda akipima kingine mlangoni. Hodo alimtambua Nashon kabla hajasalimu.

"Ulichoma ile kitu?"

Nashon aliinamisha kichwa. Hodo alimtuma Hamda aende kuleta chai, akangoja hadi msichana alipotoka, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Sheikh aliiuliza, ukitoka hapa utaenda wapi. Unakumbuka ilijibu nini kwa mdomo yangu?"

"Ilisema imepata mahali."

"Na macho yangu yalikuwa yanaangalia wapi?"

"Kwa kamera."

Hodo alifunika mdomo kwa ushungi. Nashon alimweleza yote, na alipofika kwenye kifo cha mtoto alishindwa kuendelea, akalia mbele ya mwanamke asiye wake, bila kujali nani anapita barabarani.

"Mama Sahal, niambie ukweli. Ni mimi niliua mtoto wangu?"

"Kifo ni ya Allah, ndugu yangu. Usijipatie kazi ya Allah." Naye Hodo alikuwa na machozi. "Lakini hiyo picha, kila mkiangalia, inasonga. Inakula macho yenu. Mimi ilianza hivyo hivyo, pembeni, mahali huangalii. Enda uchome. Usiangalie tena hata kidogo. Na wakati inaungua, msiite jina ya mtoto. Mkiita, kitu ingine itaitika, na mkiitikiwa mtakuwa mmeikaribisha."

Njia nzima ya kurudi Nashon alitafuta maneno ya kumwambia mkewe. Hakuyahitaji. Alimkuta Nelima sebuleni, ameketi mbele ya televisheni ya nyumbani, kanda ambayo Nashon aliiacha kabatini ikicheza.

"Kwa TV haonekani huyo mtu," Nelima alisema bila kugeuka. "Nikasema, nitaangalia kwa TV. Nitaangalia Awino tu. Lakini angalia."

Kwenye televisheni kulikuwa na keki na mishumaa minne. Kulikuwa na Nelima mwenyewe, kijana zaidi, mwenye kitambaa cha kijani, akimwekea mkono mtu ambaye hakuwepo. Mahali pa Awino palikuwa ukuta mtupu. Ameondoka, Nashon akawaza, ameingia kule pembeni ambako televisheni haifiki, na wakati akiwaza hivyo sauti ya mtoto ilitoka spikani, safi, bila mtetemo, kana kwamba kanda ilinunuliwa asubuhi ile:

"Mama, kuja. Mama, kuja huku."

Nelima aliinuka. Hakuelekea mlangoni, alielekea televisheni, mikono mbele, akipapasa upande wake wa kushoto ambako hakukuwa na kitu ila pazia, na pazia likavimba kuelekea kwake ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, na ile harufu ya udi uliomwagiwa maji ikapanda mpaka macho yakawasha, na Nashon akamrukia mkewe, akamshika kiuno, wakaanguka pamoja juu ya kochi huku sauti ikiendelea kuita, kuja, kuja, kuja, mpaka alipoufikia waya wa umeme kwa mguu na kuung'oa ukutani. Kukawa kimya. Nelima alilala kifuani pake akihema.

"Choma," akasema mwishowe. "Kama hiyo kitu ndiyo inamshika, choma amwachilie. Mimi nitakaa bila picha."

Maneno hayo yalimgharimu. Nashon alijua, na alimpenda kuliko siku zote walizoishi pamoja.

Walichoma nyuma ya nyumba saa kumi na moja jioni, ndani ya mkebe wa rangi, jua bado lipo na majirani wanaanua nguo. Alimweleza sharti la Hodo mara tatu, naye Nelima akaitikia mara tatu. Mafuta ya taa yakashika. Utepe ulijikunja, ukayeyuka, ukatoa moshi mweusi uliosimama wima bila kwenda na upepo.

Lakini Nelima alikuwa binti wa Bungoma na mke wa Siaya, na kote huko marehemu haendi bila kuitwa jina. Waombolezaji humwita, humlaumu kwa nini ameondoka, humwagiza salamu kwa waliotangulia. Yeye hakuwa amemwita mwanawe. Miaka miwili lile jina lilikuwa limemkwama kooni, na sasa, akiona cha mwisho cha mtoto wake kinageuka moshi, alisahau sharti, akaweka mikono kichwani kama mama yake na nyanya yake walivyoweka, na akalia:

"Awino! Awino wee! Awino mama, unaniachia nani?"

Nashon alimziba mdomo akiwa amechelewa. Ndani ya mkebe, sauti ndogo ilisema, "Hapa."

Moshi ukalala chini mara moja, ukaenda na upepo kama moshi mwingine wowote. Wakatazamana. Waliumwagia ule mkebe chumvi na kuuzika, mchungaji akaja akaomba, na nyumba ikatulia. Hakukuwa na harufu wala sauti. Jumapili baada ya kanisa Nelima alikaa mbele ya televisheni iliyozimwa, na baada ya miezi michache akaanza kumuuliza mumewe maswali ya kuumiza: kidevu cha mtoto kilikuwa na shimo au hakikuwa nalo? Jino lililovunjika lilikuwa la upande gani? Nashon alijibu kwa uhakika asiokuwa nao.

Mwezi wa Disemba, Katoo, kijana wa Mashuuru, aliingia dukani kudai harusi yake iwekwe kwenye CD. Nashon ndiye aliyeipiga wiki mbili nyuma, kwa kanda mpya aliyoifungua mwenyewe kwenye karatasi yake. Alimpa Katoo stuli, akawasha deki. Kadi ilifanya kazi vizuri. Siku hizo haikusumbua tena. Bibi harusi alitembea kwa madaha, shanga zikimetameta, akina mama wakiimba. Na nyuma yao, kushoto kabisa, pale televisheni isipofika, mtoto mwenye soksi nyeupe alikuwa amesimama katika vumbi la Mashuuru, ameshikwa mkono. Nashon aliviona vidole vilivyomshika. Vyote vilikuwa na urefu mmoja.

"Iko sawa?" Katoo aliuliza kutoka kwenye stuli.

Mkono wa Nashon ulikwenda kwenye kitufe cha kusimamisha, ukakaa hapo kwa muda. Kisha ukahamia kitufe cha kurekodi.

"Iko sawa," akasema. "Niachie mpaka kesho."

Katoo alipoondoka, Nashon alifunga mlango wa duka na kumpigia simu mkewe. Nelima alifika mbio, kanga imekaa upande. Nashon hakumweleza chochote, alimwonyesha tu kwa kidole. Nelima alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu sana.

"Amekonda," akasema, na akavuta kiti karibu.